Gitaa Lile Lilikuwa la Chausiku

Redio ya muuza soda ilikuwa inapiga "Usiniite Mgeni" siku hiyo, nami nilikuwa pale sokoni Korogwe napanga kabichi nilizoshusha asubuhi kutoka Vugiri. Wimbo ulipofika katikati, pale sauti zinaponyamaza na gitaa kubaki peke yake, mtangazaji akaingilia: "Msikilizeni Filipo huyo. Baba wa magitaa wa Korogwe na Handeni. Hana mpinzani."

Nilimwomba muuza soda azime redio. Akanishangaa, maana wimbo ule watu huomba uongezwe sauti.

"Kwani una nini, dada Elina?"

"Anayepiga hapo siyo Filipo," nikamwambia. "Ni mwanamke, anaitwa Chausiku Mhina. Mimi nilikuwa nimesimama kando yake napiga besi wakati anapiga hayo unayoyasikia."

Akacheka kidogo, kwa adabu, kama mtu anavyomcheka shangazi aliyechanganya mambo. Kicheko kile kilinifuata wiki nzima. Tangu hapo habari za Chausiku namsimulia yeyote atakayekubali kunisikiliza, na leo zamu ni yenu.

Chausiku ni Mzigua wa Misima, wilayani Handeni. Wazazi wake walilima mahindi na ufuta, Waislamu wa siku nyingi pale, watu wasio na makuu. Alipomaliza shule ya msingi baba yake alimleta Korogwe kujifunza cherehani. Mimi nilikuwa nimeshuka kutoka Vugiri kwa shughuli hiyohiyo, tukapangiwa meza moja. Jioni nilikuwa nakwenda mazoezi ya kwaya kanisani kwetu, ambako nilipiga besi, kwa sababu mpigaji wetu alihamia Arusha na hakuna mwingine aliyekuwa na subira ya kujifunza. Siku moja Chausiku alinisindikiza, akakaa nje kwenye ngazi. Tulipotoka akaniuliza kama anaweza kulishika lile gitaa jingine, la solo.

"Umewahi kupiga?" nikamuuliza.

"Sijawahi. Lakini nimesikia kila mahali yule kaka alipokosea."

Na kweli yule kaka alikuwa anakosea. Mwalimu wa kwaya, mtu mwema, alimruhusu Chausiku awe anakuja mapema kabla ya mazoezi. Vidole vilimchubuka, akavifunga vitambaa vya kushonea na kuendelea. Kabla mafunzo ya cherehani hayajaisha, alikuwa anapiga mambo ambayo hata mwalimu mwenyewe alikuwa anaacha kinanda ili asikilize.

Hakupiga kama zipigavyo bendi za dansi, wala kama kwaya. Alichukua mapigo ya ngoma alizozikuta kwenye harusi za kwao Misima akayahamishia kwenye zile nyuzi nyembamba, kwa dole gumba na kidole kimoja, harakaharaka, kisha anaacha nafasi. Unadhani amesahau, kumbe anakungoja. Nani mwingine alikuwa anapiga hivyo wakati huo? Nauliza kwa sababu leo kila kijana mwenye gitaa kuanzia Makuyuni mpaka Handeni anapiga hivyohivyo, na kila mmoja anadhani alizaliwa nayo.

Tukaanzisha bendi, tukaiita Umande. Siku zile, ukitaka bendi, ilibidi utafute tajiri mwenye vyombo. Vyombo vyake, baa yake, na wewe ni wake. Chausiku alikataa. Alirudi Misima msimu mzima, akalima ufuta na baba yake, akarudi Korogwe na gitaa la umeme lililokwisha kutumika na amplifaya iliyokuwa inakoroma. Mimi nilinunua besi. Ngoma alileta Denis, fundi baiskeli. Na wa mwisho kuja alikuwa Filipo.

Filipo alikuja kutoka Makuyuni, kijana mrefu mwenye meno mazuri. Alikuwa na gitaa la kuazima na hajui kulityuni, yaani kukaza nyuzi mpaka sauti zake zikubaliane. Nasema hili taratibu ili lisikike: Filipo alikuwa hajui kutyuni gitaa. Chausiku alimkalisha kwenye gogo nyuma ya chumba chetu, akamwambia, "Usitazame mkono wangu. Sikiliza." Alifanya hivyo miezi na miezi, akiwa amemaliza kushona sare za watu mchana kutwa, na hakumpandishia sauti hata mara moja. Akamfundisha kupiga rithimu, yaani kazi ya kumshikilia mpiga solo asianguke. Solo ilikuwa ya Chausiku, kuimba ni Chausiku, na nyimbo zote alitunga Chausiku.

Tulipiga kwenye harusi, kwenye magulio, kwenye ukumbi mmoja pale Korogwe uliokuwa na popo darini. Handeni walitupenda zaidi. Ungemwona Chausiku na hijabu yake ya kijani, gitaa limekaa chini ya kifua, macho ameyafumba. Wasichana walikuwa wanasogea mbele kabisa, na hawakuwa wanatazama mdomo wake. Walikuwa wanatazama vidole.

Nyimbo tulizirekodi kwenye studio ndogo hapo Korogwe, chumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani. Zikasambaa kwa simu, watu wakirushiana wenyewe, mpaka huko nyikani kwa wafugaji ambako sisi hatukuwahi kufika.

Kisha Chausiku akaolewa na Sufiani, dereva wa trekta wa Misima, mtu ambaye hakuwahi kumzuia kwa neno hata moja. Nalisema hilo kwa sababu wengi wanapenda kusema ndoa ndiyo iliyommaliza. Siyo ndoa. Alijifungua mtoto, tukakubaliana sote wanne kwamba bendi ipumzike hadi mtoto aache kunyonya. Filipo mwenyewe alisema, "Dada, tutakungoja."

Hakungoja. Alikwenda studio na Denis, akamrubuni prodyuza ampe zile rekodi zetu, wakapanda basi la Dar es Salaam. Huko waliifuta sauti ya Chausiku na Filipo akaimba juu yake. Gitaa hawakulifuta. Wangeliwekea nini? Filipo asingeweza kupiga vile hata angefungiwa humo ndani mwaka mzima. Wakaliacha gitaa la Chausiku kama lilivyo, na pale katikati, vidole vyake vinapokimbia, Filipo akaingiza sauti yake na kujiita jina: "Filipo, piga."

Mara ya kwanza tulisikia "Usiniite Mgeni" ya Filipo dukani Misima, nilipokwenda kumtembelea, Chausiku akiwa amembeba mtoto mgongoni. Alisikiliza mpaka mwisho, akatoka nje, akampigia Filipo simu nikiwa hapo.

"Filipo, hilo gitaa ni la nani?"

Simu ilikuwa kwenye spika, nilisikia kila neno. "Dada, nyimbo ni za bendi. Wewe sasa umeolewa, una mtoto. Pumzika, mama."

Pumzika. Mimi nililia kwa hasira. Yeye aliirudisha simu kwenye pochi, na zipu ikamshinda kufunga. Baadaye tulikwenda kwa prodyuza. Akatuambia kompyuta aliiuza na kila kitu kilichokuwamo. Tulikwenda redioni, wakatuambia tulete ushahidi. Ushahidi ulikuwa unalia redioni humohumo kila siku.

Chausiku akarudi kwenye cherehani. Alifungua kibanda mjini Handeni, akawa anashona sare za shule, na gitaa likakaa juu ya kabati. Miaka ikapita. Filipo akawa mkubwa, akarudi kwao, akaanza kuitwa kwenye vikao na kukata utepe.

Aliyelishusha lile gitaa kabatini ni binti mmoja wa Kimasai anayeitwa Mary. Baba yake, Mepukori, ni mfugaji wa huko nyika za Handeni. Mary alikua akisikia nyimbo za Umande kwenye simu ya mama yake, zile za mwanzo, zenye sauti ya Chausiku, kwa sababu mama yake hakuwahi kuzifuta. Alipofika sekondari akakuta gitaa la kanisa, akaanza kutafuta zile solo mwenyewe kwa kusikiliza. Siku moja alikwenda kupimwa sketi kwa Chausiku huku akiimba chinichini. Chausiku akamrekebisha neno.

"Mama unaujua wimbo huu?" Mary akauliza.

"Nimeutunga mimi."

"Na gitaa alipiga nani?"

"Mimi."

Mary aliniambia baadaye kwamba alibaki amesimama na futi ya kupimia imemzunguka kiunoni. "Mimi siku zote nilikuwa najua anayepiga ni mwanaume," aliniambia. "Nilikuwa najilazimisha vidole vyangu viwe kama vya mwanaume."

Akawa anakwenda kibandani kila alasiri baada ya shule. Akaja na wenzake, Yusra wa Misima aliyekuwa na kipaji cha ngoma, na Hafsa aliyepewa besi yangu ya zamani. Niliishusha mwenyewe kutoka Vugiri. Bendi yao wakaiita Manyunyu. Walipiga nyimbo zao na chache zetu, na nilipowasikia nikajua kwamba kitu tulichokifanya hakikufa. Kilikuwa kimejificha kwenye simu za mama zao.

Sasa mwaka jana likatangazwa tamasha la muziki, la Korogwe na Handeni kwa pamoja. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mzee Mbwana, mstaafu, mtu wa heshima zake. Filipo akawekwa mlezi wa tamasha. Manyunyu wakaomba kupiga, wakakubaliwa, wasichana wakafurahi mno. Kisha wiki moja baadaye wakapewa masharti. Wataimba na kucheza. Magitaa watashika vijana wa Filipo.

Mary alikuja kibandani na wenzake. Yusra ndiye aliyeeleza. "Wamesema ndiyo asili ya muziki wetu, mama. Kwamba tangu mwanzo huku kwetu mwanamke anaimba na mwanaume anapiga. Wamesema hata Umande ilikuwa hivyo."

Nilikuwapo. Namjua Chausiku tangu tukiwa wasichana, lakini uso ule sikuwahi kuuona. Miaka yote alipoibiwa yeye alinyamaza. Sasa wizi ule umegeuzwa kuwa historia, na historia imegeuzwa kufuli la kuwafungia watoto. Aliweka mkasi mezani akasema, "Elina, twende."

Kamati ilikuwa imekaa kwenye ukumbi wa shule moja, mchana, chai na maandazi mezani. Tukabisha, tukaingia.

"Shikamoo, Mzee Mbwana," akasema Chausiku.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Tuna kikao kidogo."

"Sitachukua muda. Mzee, ulipomwoza binti yako mkubwa, bendi gani ilipiga?"

Mzee akatabasamu. "Si ninyi, Umande. Siku ile haisahauliki. Uliimba vizuri sana."

"Na mikononi nilishika nini?"

Mzee Mbwana akakunja uso. Alikuwa anajitahidi kukumbuka, nilimwona. "Maikrofoni," akasema hatimaye.

"Nilishika gitaa, mzee. Tangu adhuhuri mpaka magharibi. Ulikuwa umekaa mbele yangu."

"Hilo sikumbuki, mwanangu."

Haya, niambieni. Mtu anakaa mbele ya mwanamke anayepiga gitaa mchana kutwa, analipenda, analicheza, anamtunza, na akirudi nyumbani anakumbuka mdomo tu. Alikuwa hadanganyi. Hilo ndilo linalonichoma zaidi. Mwongo unaweza kumkamata. Huyu macho yake yalitazama gitaa na kichwa chake kikakataa kuliandika.

Chausiku akamgeukia Filipo, aliyekuwa amekaa mwisho wa meza na shati jeupe. "Filipo, nani alikufundisha kutyuni?"

Filipo akatabasamu na meno yake yaleyale. "Wazee wangu, Dada Chausiku tunamheshimu sana. Ni mama yetu. Tumepanga kumvisha khanga siku ya tamasha."

"Mimi si mama yako. Nimekuuliza swali."

"Mambo ya zamani hayo, dada."

"Basi tuyaache ya zamani. Hawa wasichana ni wa leo. Waachie magitaa yao."

Wajumbe wawili wakacheka. Mzee Mbwana akagonga meza kwa kalamu, akasema ratiba imeshapangwa, na kwamba jambo zuri halitakiwi kuharibiwa kwa hasira. Tukatolewa nje kwa maneno laini na kila mtu akituita dada.

Njiani Chausiku alitembea mbele yangu mpaka kibandani. Pale akawakuta wasichana wanangoja. Akawaambia yote kama yalivyokuwa, bila kuyapunguza. Mary akasema yeye hatacheza. Bora asipande jukwaani kabisa. Wenzake wakakubali.

"Basi tupige mahali pengine," akasema Chausiku. "Siku hiyohiyo."

Mahali pakapatikana kwa njia ambayo sikuitegemea. Mepukori, baba yake Mary, alikuwa ameshamkataza binti yake gitaa zaidi ya mara moja. Kwake gitaa lilikuwa kitu cha baa. Tulikwenda nyumbani kwake tukiwa na hofu. Alitusikiliza akiwa ameegemea fimbo yake, kisha akamuuliza Mary, "Wamekukataza kwa nini hasa? Hujui kupiga?"

"Wanasema najua, baba. Lakini mimi ni msichana."

Mepukori akafikiri. "Gitaa nimelikataza mimi, hapa kwangu," akasema. "Hao wa mjini ni nani wa kumkataza mtoto wangu?"

Nilijizuia nisicheke. Lakini hakuwa anatania. Alimtazama Chausiku. "Na wewe mama, wimbo ule anaoupenda mke wangu ni wako?"

"Ni wangu."

"Na yule wa redioni?"

"Aliuchukua, akaniambia nipumzike."

"Ng'ombe wangu akichukuliwa, siambiwi nipumzike," akasema. "Njooni mnadani. Nitazungumza na wenzangu."

Ndivyo tulivyopiga mnadani, kwenye uwanja wa kuuzia ng'ombe, siku ambayo tamasha lilikuwa linaendelea mjini. Jenereta tuliikodi, spika zikafungwa juu ya pikapu ya Mepukori. Vumbi, harufu ya mbuzi anayechomwa, ng'ombe wanalia nyuma ya uzio. Nilikuwa na wasiwasi kwamba hakuna atakayetusikiliza. Mary akapiga nyuzi za kwanza za "Usiniite Mgeni", na wanawake wakaanza kuacha vibuyu vyao vya maziwa na kusogea. Walikuwa wanayajua maneno yote. Siyo maneno ya Filipo, ambayo aliyabadilisha kidogo ili yamfae mwanaume. Walikuwa wanaimba yale ya kwetu:

*Usiniite mgeni, nimezaliwa hapa,
miguu yangu inaujua udongo huu.*

Chausiku hakuwa amepanga kupiga. Mary akalivua gitaa, akampelekea. Mara ya kwanza alikataa kwa kichwa. Kisha akalichukua, akarekebisha uzi mmoja, akapiga ile solo mbele ya watu, mchana kweupe, kama ilivyo redioni, na baada ya hapo akaenda nayo mbali zaidi ya redio. Vidole vyake vimekuwa vizito. Alikosea mahali pawili. Nililia, na sioni aibu kusema.

Alipomaliza akaja kijana mmoja mwenye kofia, ameshika simu, amefurahi kweli. "Mama, umemuiga Filipo vizuri kuliko hata yeye mwenyewe."

Chausiku hakumkasirikia. Alimkalisha pale kwenye tairi la pikapu, akamweleza tangu mwanzo, gogo, kutyuni, studio, kila kitu. Yule kijana akasikiliza. Mwishoni akasema, "Lakini mama, redio si inasema ni Filipo?"

Nilitaka kumnyang'anya ile simu niitupe kwa ng'ombe.

Mjini Filipo alipewa ngao. Picha zake zikasambaa, ngao kifuani, Mzee Mbwana kando yake. Khanga ya Chausiku waliileta kibandani kesho yake na mtu wa pikipiki. Aliirudisha na mtu huyohuyo.

Manyunyu wanaendelea. Wameitwa Makuyuni, wameitwa Misima mara mbili kwenye harusi, na kule kwangu Vugiri walipiga kwenye uwanja wa shule mpaka mawingu yakatufunika. Mepukori bado anasema gitaa ni kitu cha baa, na haachi kuja. Kina mama sasa wanaleta mabinti kibandani, wengine hawana hata sare ya kushona, wanasema wazi kwamba wamekuja kwa ajili ya kile kingine. Chausiku anawapokea wote. Hawaimbishi mpaka wajue kutyuni.

Juzi nilikuwa kwake akapigiwa simu kutoka redioni. Walitaka kipindi maalumu, yeye na Filipo pamoja, wapatane hewani, wasikilizaji wafurahi.

"Sijagombana na Filipo," akamjibu yule dada wa redio. "Amechukua mkono wangu akauita wake. Aseme hivyo kwanza, yeye mwenyewe, kwenye redio yenu. Mkimpata siku hiyo, nipigieni."

Yule dada akasema, kwa sauti ya huruma, kwamba wasikilizaji hawapendi maneno ya uchungu.

"Mimi pia siyapendi," akasema Chausiku, akakata simu. Aliirudisha simu kwenye pochi, akafunga zipu. Akamgeukia mtoto mpya aliyeletwa asubuhi hiyo, binti mdogo mwenye gitaa lililomzidi ukubwa, akamwambia asitazame vidole, asikilize.